Sakafu ina mabonde, tuvunje yote au tujazie?

SWALI: Fundi shikamoo. Tunakarabati nyumba, juzi tumetoa kapeti sebuleni tukakuta sakafu ya simenti ina mabonde, mtoto akiweka gololi mlangoni inakimbia yenyewe mpaka kona ya dirishani. Tunataka marumaru za 60 kwa 60. Fundi mmoja anasema gundi nyingi itamaliza tatizo, mwingine anasema vunja yote. Nimebaki njia panda.

JIBU: Marahaba dada. Usivunje kwanza, na hilo la gundi nyingi likatae kabisa, gundi ikiwa nene inanywea ikikauka, chini panabaki uwazi, siku mguu wa kiti ukikanyaga pale kona ya marumaru inakatika tak!

Tafuta ubao ulionyooka wa mita 2, uuburuze sakafu nzima huku unamulika tochi kwa chini, palipopitisha mwanga piga chaki uandike na kina chake. Kwa marumaru kubwa hivyo, bonde la zaidi ya milimita 3 chini ya ubao huo lirekebishwe. Halafu gonga na mpini wa nyundo, pakilia wazi kama debe tupu hapo simenti imeachana na zege, hapo ndo pa kuvunja, hapo tu.

Ukishajua kina ndo uchague dawa. Milimita 3 mpaka 10 hivi tumia ile simenti maalumu ya kujisawazisha, inamwagwa kama uji, ila sakafu isafishwe vumbi lote, ipakwe praima (dawa ya kufanya simenti ishike) na maji yapimwe kama mfuko unavyosema, ukizidisha juu panakuwa unga. Sentimita 2.5 kwenda juu mwaga simenti na mchanga, moja kwa tatu au nne, lakini sakafu ya zamani ichokolewe kwa tindo ipate makwaruzo, ilowe, ipakwe uji wa simenti na mchanganyiko umwagwe uji ukiwa bado mbichi. Mafundi wengi wanaruka hapa ndo maana inabanduka. Funika nailoni siku 7 isikauke haraka. Kwa kina cha katikati ya hapo, saga vilima kwa grenda kwanza ili kina kipungue utumie ile ya kujisawazisha, maana simenti nyembamba ya kawaida inapasuka.

Kama ni ghorofani kuwa makini sana na uzito, kila sentimita moja ni kama kilo 20 kwa mita ya mraba, chumba cha 4 kwa 4 ukimwaga sentimita 5 umepandisha tani 1.6! Muulize mhandisi. Na milango ipime mapema, isije ikagoma kufunguka.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo kona ya dirishani. Zunguka nje uangalie kama maji ya paa yanamwagikia hapo, na ndani tafuta ufa ambao upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Ukiukuta, udongo unatitia, usimwage chochote mpaka mhandisi aje aone.