Maswali na Majibu: Fungu la Baba, Fungu la Mama

Nilipimwa ili nimpe mwanangu figo, majibu yakasema tunalingana nusu tu. Je, ni wangu kweli? (Baba, Temeke)

Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, swali hili halinipungui, na wanaoliuliza ni akina baba. Nusu ndiyo inayotarajiwa kati ya mzazi na mtoto wa kumzaa. Jeni za tishu, zinazoamua kama mwili utakipokea kiungo cha mwingine, zimekaa jirani katika kromosomu ya 6, na kwa kawaida hurithiwa fungu zima: wewe unayo mawili, mama yake mawili, na mtoto huchukua moja kwa kila mmoja wenu. Kwa figo, nusu hiyo haizuii upandikizaji, mradi mgonjwa asiache dawa za kupunguza kinga. Mwenye shaka na mkewe apitie Ustawi wa Jamii, wakili au mahakama, sampuli zikapimwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wodi ya figo si baraza la ndoa.

Mdogo wetu ana seli mundu na anahitaji uboho. Sisi ndugu zake wanne, si lazima mmoja alingane naye? (Mbagala)

Si lazima. Tuyaite mafungu ya baba K na L, ya mama M na N. Mgonjwa akiwa KM, kila ndugu wa baba na mama mmoja anaweza kuwa KM, KN, LM au LN, yaani robo tu ya uwezekano wa kulingana naye kikamilifu. Kila mimba huanza hesabu upya, hivyo kwa ndugu wanne uwezekano wa kumpata angalau mmoja ni takriban asilimia 68. Asiyeumwa lakini amerithi jeni moja ya seli mundu hakataliwi kwa sababu hiyo pekee. Na wazazi wanaopanga kuzaa mtoto "wa kutoa uboho" wajue kwamba naye ana robo ileile, na anaweza kuzaliwa mgonjwa.

Tukiwa sote kundi O, tishu zinalingana? (Wengi)

Hapana. Jeni ya kundi la damu iko kromosomu ya 9, si ya 6 zilipo za tishu, hivyo hurithiwa kivyake. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno.

Nimezaa watatu, na mume wangu anataka kunipa figo. Kuna tatizo? (Kigamboni)

Huenda lipo. Kila mtoto uliyembeba alikuwa na fungu la tishu la baba yake, na mwili wako unaweza kuwa umeshatengeneza kingamwili dhidi yake, kama inavyowatokea pia baadhi ya walioongezewa damu. Ndiyo maana maabara huchanganya seramu yako (majimaji ya damu yenye kingamwili) na seli za mumeo kabla ya upasuaji, kuona kama zitashambuliwa. Mtajie daktari mimba zote, hata zilizoharibika. Na kama ipo ambayo mumeo haijui, omba kuonana na daktari peke yako.