Ufadhili wa ufaulu Marekani: nani anatoa, nani hatoi

SWALI: Wahariri, assalaam aleikum. Binti yangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu, PCM, Daraja la Kwanza pointi 4. Mimi nauza machungwa ya Muheza. Anataka Harvard au Yale. Kaambiwa huko wenye alama za juu husomeshwa bure kwa ufaulu wao. Ni kweli? – Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, mama, na hongera sana. Harvard, Yale na vyuo vingine sita vya Ivy League, kundi la vyuo vinane maarufu vya Marekani, havitoi ufadhili wa ufaulu hata senti moja, maana karibu kila anayeomba ana alama za juu. Vinatoa msaada kwa kuangalia kipato cha familia, na katika hivyo viwili, kuomba msaada hakumpunguzii mwanafunzi wa nje nafasi ya kukubaliwa. Kwa hiyo aombe, ila fomu ya kipato ndiyo itakayomsomesha.

Fomu hiyo, CSS Profile, ndipo familia za biashara ndogo hukwama, kwa kuwa hakuna hati ya mshahara. Chukua daftari, mama. Andika mauzo ya mwaka mzima, msimu na nje ya msimu, kisha toa bei ya shambani, gari, vibarua na machungwa yaliyooza. Kinachobaki ndicho kipato. Wengi huandika mauzo yote, chuo kikaona familia inajiweza. Barua ya mtendaji wa mtaa, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, iwe na takwimu zilezile.

Wanaolipia ufaulu wapo, na ni vigumu kuingia pia. Boston University, chuo cha Marekani, ina ufadhili uitwao Trustee, unaolipa ada nzima. Anayeutaka atume maombi ya chuo kufikia 1 Desemba, ingawa maombi ya kawaida hufungwa Januari. Vanderbilt, chuo kingine cha Marekani, ina fomu ya pili ya ufadhili. Wengi hutuma ya chuo wakaisahau hiyo. Kanada, ufadhili wa Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto hulipa ada, vitabu na bweni kwa miaka minne, lakini lazima shule impendekeze mwanafunzi, na mwisho wake huwa mapema. Mwende kwa mkuu wa shule sasa hivi, msingoje Oktoba.

“Ada nzima” kama ya Trustee msiisome haraka. Chakula, bweni, bima na nauli havimo, na kwa vyuo hivi hupita dola 15,000 kwa mwaka. Kabla ya viza, chuo kitataka kuona fedha hiyo inatoka wapi.

Jambo la mwisho ni ripoti za shule. Kama kidato cha nne alisoma kwingine, zinahitajika za shule zote mbili. Mwalimu hutumiwa kiungo cha kuzipakia kwa barua pepe, na mara nyingi kinaangukia kwenye folda ya taka (spam). Binti ampigie mwalimu simu siku hiyohiyo.

SWALI: Wakala anadai shilingi 300,000 “kushika nafasi” chuoni Marekani. Nilipe? – Kijana wa Dunda, Bagamoyo

JIBU: Usilipe, mdogo wetu. Nafasi haishikwi kwa fedha ya wakala. Ada ya maombi hulipwa kwa chuo chenyewe, na asiyeiweza huomba asamehewe ada hiyo ndani ya Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, mwalimu akathibitisha. Kama ulishampa nywila ya barua pepe yako, ibadilishe leo.