Jibu: Bomba la hewa kwenye studio ya chini, Mtwara

Mkuu, umeuliza bomba la hewa lipite wapi kwenye studio yako ya kurekodia ya chini hapo Shangani. Usilinyooshe hadi nje, sauti itatoka nalo. Tengeneza maboksi mawili ya plaiwudi ya milimita 18, la kuingiza hewa na la kutolea, kila moja na kona tatu za kupunguza sauti, ndani ubandike Rockwool (pamba ya mawe inayonyonya sauti) ya milimita 50 iliyofunikwa kitambaa. Njia ya hewa inayobaki ndani ya boksi isiwe nyembamba kuliko bomba: ikibana, hewa hupiga mluzi na maiki itaunasa. Feni iwe mbali na chumba, imening'inizwa kwa mpira. Nyufa zote ziba kwa silikoni. Kiyoyozi cha ukutani pekee hakitoshi, kinazungusha hewa ileile. Wavu wa nje uwe wa plastiki. Chumvi ya bahari hula chuma haraka.