Kabla hujaifomati diski ya mtu

Mama mmoja alivuka kutoka Ukerewe kwa meli ya asubuhi, akapanda daladala hadi kwangu Mabatini, Mwanza. Diski yake, eksteno ya gigabaiti 500, alikuwa ameiviringisha kwenye kipande cha kanga ndani ya mkoba. Akaniambia, "Mwanangu, humu kuna mazishi ya baba yenu. Kila nikifungua naona vimishale tu."

Wakati huo nilikuwa na miezi minne katika kazi hii ya kurekodi shughuli na kutengeneza kompyuta za watu nikiwa nyumbani. Nikaichomeka. Nikaona folda sita, kila moja ina kimshale kwenye kona, kila moja ina kilobaiti 2. Nikabofya ya kwanza, ikagoma. Ya pili, ikagoma. Nikamwambia virusi vimekula kila kitu, dawa iliyobaki ni kuifomati, yaani kuifuta yote na kuiandaa upya. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi fanya, mwanangu." Nikaifomati. Halafu kwa kumwonea huruma nikamjazia nyimbo za kwaya, asirudi kisiwani na diski tupu.

Mafaili yale yalikuwemo yote.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kupokea diski za majirani na ndugu kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa sababu kosa hili bado naliona likifanyika, na wanaolifanya ni vijana wenye nia njema kama niliyokuwa nayo mimi. Kirusi cha shotikati, yaani vile vimishale vinavyokuelekeza kwenye kitu kilichowekwa pengine, hakili mafaili. Kinazipa folda zako alama ya kufichwa na alama ya mfumo ili Windows isizionyeshe, kisha mahali pa kila folda kinaweka shotikati yenye jina lilelile. Ukiibofya, amri iliyomo ndani yake inakiamsha kirusi kwanza, halafu inakufungulia folda halisi. Ndiyo maana mtu hukaa nacho miezi bila kushtuka: anabofya, picha zake anaziona, anaendelea na maisha. Kilio huanza siku antivairasi ya kompyuta fulani inapokiua kirusi na kuziacha shotikati zikiwa yatima. Sasa zinaita kitu ambacho hakipo, ndipo zinapogoma. Diski ya yule mama ilikuwa katika hali hiyo hasa. Ugonjwa ulishaondoka; kilichobaki ni pazia.

Na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya diski, fungua Properties, tazama lile duara la nafasi. Diski inayoonekana haina kitu huku nusu yake imetumika, hiyo si tupu. Ni sekunde tano za kutazama. Sikutazama.

Kwa hiyo kabla ya antivairasi, kabla hata ya kuchomeka waya, muulize mwenye diski: humu kuna nini ambacho hakipo mahali pengine popote? Mwenye kibanda cha kuingiza muvi kule Igoma anaweza kukwambia futa tu, muvi atazipata kwa mwenzake. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, aliyeweka madeni ya wateja wake wote kwenye faili moja la Excel, hatakwambia hivyo. Wala mwanafunzi wa Malimbe aliyebakiza wiki mbili kukabidhi utafiti wake. Jibu lao ndilo linalokuonyesha uende kwa mwendo gani.

Kisha iandae kompyuta yako wakati diski ya mtu ingali mezani. Watu wengi huchomeka kwanza, halafu ndipo wanakumbuka antivairasi haijasasishwa tangu bando lilipoisha. Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha kabisa kwa kazi ya nyumbani, mradi orodha yake ya virusi iwe ya leo. Kama nyumbani huna bando, Microsoft wanatoa orodha hiyo kama faili moja la kupakua, mpam-fe.exe, lipakue mahali penye intaneti, lilete kwa flashi, lifungue. Usiweke antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja ukidhani ulinzi unaongezeka. Zinashikana mashati, kompyuta inazidiwa. Na Windows 10 ilimaliza muda wake wa kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa bado unaitumia bila ule mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, usiifanye kompyuta hiyo kuwa ya kupokelea diski za watu.

Kuna kitu kingine ambacho sijaona mtu akiwafundisha wanaoanza. Ndani ya Defender kuna orodha ya vilivyosamehewa, yaani folda au diski ambazo antivairasi imeamriwa isiziguse. Mafundi wengi huweka humo diski D nzima ili programu zao za kuchakachua leseni zisifutwe, na wengine huweka herufi E, ambayo ndiyo diski za nje nyingi hupewa. Utaskani hadi usiku, majibu yatakuja safi, na kirusi kimekaa palepale kinakutazama. Kompyuta uliyonunua mtumba, fungua orodha hiyo siku ya kwanza uisafishe.

Ukitaka kujua kama mlinzi wako yuko macho, lipo faili la majaribio linaloitwa EICAR. Ni maandishi ya herufi 68 tu, hayana madhara yoyote, ila antivairasi zimekubaliana kuyapigia kelele kama kirusi. Ukilihifadhi na kompyuta ikakaa kimya, usichomeke diski ya mtu.

Sasa kuchomeka. Zamani diski yenye faili la autorun.inf iliweza kuendesha programu yake yenyewe mara tu inapoingia. Windows 7 ya mwaka 2009 iliziba njia hiyo kwa vifaa vya USB, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho kwa XP na Vista. Siku hizi kwa sehemu kubwa kirusi cha diski kinangoja mkono wako. Kwa hiyo diski ikishaingia, usibofye chochote ndani yake. Bonyeza kulia juu ya jina la diski, chagua kuiskani kwa Defender, uache imalize. Usitegemee ile skani ya haraka. Hiyo inapitia sehemu nyeti za kompyuta yenyewe, diski ya nje usipoielekeza haiifikii.

Wakati inaendelea, washa sehemu ya kuonyesha viambishi vya majina ya mafaili, yaani zile herufi za mwisho baada ya nukta kama .mp4 ya video au .exe ya programu. Windows huvificha isipoambiwa vinginevyo, na hapo ndipo faili linaloitwa harusi ya dada.mp4.exe linapojionyesha kama video, tena likiwa na picha ya video. Kiambishi kikionekana, uongo umeisha. Panga pia kwa ukubwa: folda haina ukubwa ulioandikwa pembeni, na harusi nzima haiwezi kuwa kilobaiti 2.

Mwambie mwenye diski ukweli kuhusu muda. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linapitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, kwa hiyo kuisoma terabaiti 1 iliyojaa ni saa saba hadi tisa. Tumia tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ni la bluu, kama lipo. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba usiianzishie kazi hii siku ambayo umeme unakatika-katika. Diski iweke mahali pagumu penye hewa. Godoro linaipasha moto.

Ila ukiichomeka ukasikia inagonga, tik, tik, tik, au inachukua dakika nzima kuonyesha folda moja, acha. Hapo shida si kirusi, ni diski yenyewe inakufa, na skani ya saa tisa inaweza kuimalizia. Nakili kwanza yale aliyokutajia, kwa mpangilio wa umuhimu wake, mengine baadaye.

Skani ikiisha na virusi vikaondolewa, ndipo unafunua pazia. Nasisitiza mpangilio huu, maana ukifunua kirusi kikiwa bado hai, kitaficha tena ungali umekaa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya diski hiyo mahali pa E. Maana yake: ondoa alama ya kufichwa, ya kusomwa tu na ya mfumo, kwenye folda zote na vilivyomo. Hakiki herufi mara mbili. Amri hii haitakiwi kwenye diski C. Wakati mwingine utakuta kila kitu kimesombwa ndani ya folda moja isiyo na jina, imekaa kama nafasi tupu. Usiogope, mali iko humo, ihamishe. Shotikati unazifuta mwisho kabisa, baada ya mwenyewe kuona vitu vyake.

Mara ya kwanza amri ile ilipofanya kazi mbele yangu, kwenye diski ya kwaya ya mtaani, folda zilitokea moja baada ya nyingine, zikiwa na rangi iliyofifia kisha zikakolea. Sikufurahi. Nilimkumbuka yule mama.

Diski ikiwa safi, bado hujamaliza. Uliza ilitoka kwenye kompyuta gani, kwa sababu chanzo kikibaki kinaumwa, kesho diski itarudi hivyohivyo. Kipimo changu ni flashi tupu yenye folda moja tu. Naichomeka kwenye kompyuta inayoshukiwa, nangoja dakika chache, naitoa, naitazama kwenye kompyuta yangu. Folda ikigeuka shotikati, nimepata jibu. Kompyuta hiyo inahitaji ile skani ya Defender inayofanyika nje ya Windows: inazima, inawaka upya, inaskani kwa takriban dakika 15 kabla kirusi hakijaamka. Laptopu iwe imechajiwa.

Diski ninayoihofia zaidi siifungui kwa Windows kabisa. Nina flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta usio Windows, naiwasha kompyuta kutoka humo. Virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows havina pa kusimama huko, na alama zile za kuficha hazizingatiwi, folda zote zinaonekana wazi. Nanakili nyaraka na picha, naacha kila chenye kiambishi cha programu. Kujifunza hili kulinichukua jioni mbili, na ndilo ningemfundisha mdogo wangu kabla ya jingine lolote.

Utakutana na picha za watu na barua za hospitali. Usizifungue. Hakiki kwa jina na ukubwa, mwenyewe ndiye afungue. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyekukabidhi diski yake amekukabidhi nyumba.

Nilipokwisha kuyajua haya nilimpigia simu yule mama, nikamweleza kosa langu lilikuwa nini, nikamwomba ailete tena. Kufomati kwa haraka hufuta tu orodha ya mahali mafaili yalipo, kwa hiyo mengi yangeweza kurudi. Kilichoharibu zaidi ni zile nyimbo nilizoandika juu yake. Programu ya kuokoa mafaili ilirudisha vipande 3 vya video kati ya 9, bila majina, kimoja hakina sauti. Sala ya nyumbani haikupatikana. Kaburini ilipatikana. Aliketi kwenye kiti changu akaitazama hadi mwisho, kisha akaomba nakala mbili, moja yake na moja ya binti yake aliyeolewa Sengerema. Nilitengeneza tatu. Ya tatu, kwa ruhusa yake, ipo kabatini kwangu, imeandikwa jina la marehemu kwa wino.