Mtu asiyejulikana anamfuatilia binti yetu: tumnyang'anye simu?

SWALI: Binti yangu ana miaka 15 na yuko kidato cha pili hapa Mbeya. Siku hizi amekuwa mkimya, simu ikiita anaificha, na hataki tena kushukia Mafiati, anashuka mbele na kurudi kwa miguu. Juzi dada yake aliona ujumbe kutoka namba ngeni: "Leo umevaa sweta ya bluu, mbona hukunisalimia?" Baba yao anataka tumnyang'anye simu, kisha tumpigie huyo mtu tumkomeshe. Tufanyeje? Mama wa Uyole.

JIBU: Mama, ujumbe huo wa sweta ndio unaonitia hofu kuliko yote uliyoyaandika, kwa kuwa aliyeutuma alimwona mtoto kwa macho siku hiyo. Huyu si msumbufu wa mtandaoni tu, anajua njia anayopita binti yako, na mtoto kuikwepa Mafiati ni dalili kwamba amekwisha kulitambua hilo kabla yenu.

Naomba sana msimnyang'anye simu. Ninaelewa hasira ya baba, lakini mtoto anayepokonywa simu kwa kosa la mtu mwingine huona kwamba ameadhibiwa yeye, na tishio litakalofuata atalificha. Tena simu hiyo ndiyo yenye ushahidi. Kaa naye mahali tulivu, mwambie waziwazi kwamba hajakosea, kisha muulize bila kumkatiza alianza lini kutumiwa ujumbe, na kama ameombwa picha au ametishiwa kwamba picha zake zitasambazwa. Swali hili la mwisho lina uzito, kwani wasichana wengi hunyamaza kwa aibu ya picha moja waliyoituma wakimwamini mtu. Ikiwa picha ya namna hiyo ipo, msiisambaze hata kwa shangazi mnayetaka kumwomba ushauri, maana kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa kisheria.

Msifute chochote wala kumjibu mtu huyo. Kumpigia na kumtukana kutamfanya atupe laini na kuanza upya kwa namba nyingine. Pigeni picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa, mzihifadhi pia kwenye simu yako, na mwandike kwenye daftari kila mahali alipoonekana. Hayo yakikamilika ndipo mumbloku, mbadilishe nywila za akaunti zake, mzime huduma ya kuonyesha mahali alipo, na mkague ni nani anayeona status zake, kwa maana picha moja ya sare ya shule inatosha kumwelekeza mtu hadi getini.

Kisha nendeni kituo cha polisi mkaulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Msikate tamaa kwa sababu namba ni ngeni, kwani laini husajiliwa kwa alama za vidole na polisi wana pa kuanzia. Binti akiona ugumu kuzungumza nanyi, apige 116, namba ya huduma ya simu kwa watoto, ambayo ni bure.

Mkuu wa shule naye aelezwe mapema, ana kwa ana, na aombwe kulitunza jambo hili lisigeuke gumzo la darasani. Baba, ambaye ana hamu ya kutenda jambo, ana kazi kubwa kuliko kutukana simuni: ampokee binti yake Mafiati kila jioni, au atafute mtu mzima wa kuaminika wa kumpokea, mpaka mtu huyo ajulikane.