Usiulize Anaishi Wapi, Uliza Amefikaje

Kwenu mnaoanza kazi ya mitaani hapa Philadelphia, nianze na kosa langu. Ramani yangu ya kwanza ya soko la unga, yaani heroini, niliipaka Kensington nzima, mtaa wa kaskazini mwa jiji, nyekundu, nikidhani penye soko ndipo wanapoishi watumiaji. Mama mmoja wa Kipuerto Rico, akifagia kibaraza chake, aliichungulia akaniuliza: mbona magari yanayosimama hapa kununua yana namba za New Jersey, jimbo la jirani?

Sikuwa na jibu. Ilibidi nirudi nyuma. Miaka ya 1930, wakadiriaji wa mikopo ya nyumba walitia alama nyekundu mitaa ya watu weusi na wahamiaji, na mikopo ikakauka. Wapuerto Rico walikuja kwa wingi baada ya Vita vya Pili, wakafuata viwanda vya nguo na mazulia ambavyo havikukawia kufungwa. Mtaa wao ukabaki mpakani, weusi upande mmoja na wazungu upande wa pili. Mpaka huo ndio siri ya soko: mnunuzi wa rangi yoyote aliweza kuingia bila kuonekana kituko. Ongeza treni ya El inayopita juu ya Kensington Avenue, na barabara kuu ya I-95 iliyo jirani. Miaka ya 1990 unga wa Kolombia, mkali na wa bei nafuu, ulipofurika mashariki ya Marekani (magharibi walikuwa na ule wa Meksiko, mweusi kama lami), dukani palikuwa tayari. Kijana asiye na ajira akasimama kona, faida ikapanda gari kurudi vitongojini, polisi wakabaki naye.

Siku hizi heroini yenyewe ni adimu, fentanili imeshika nafasi yake, lakini kona ni zilezile. Mwaka 2017 kambi ya kando ya reli, karibu na Gurney Street, ilisafishwa. Watu wakahamia chini ya madaraja ya barabara ya Lehigh, mwendo wa miguu tu.

Basi shinda asubuhi moja stesheni ya El ya Allegheny, utazame wanaoshuka, kwani arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haingoji mchana. Neno “teja” liache nyumbani, hata kama unadhani hakuna anayekuelewa. Katika daftari andika mtumiaji alipolala jana na njia aliyopita kuja. Jina usiandike.