Kuifunga bajaji juu ya tela kwa vifaa vya kujitengenezea

Bajaji ya kwanza niliyoichukua kwa tela langu kutoka bandari ya Mkoani, kisiwani Pemba, niliifunga kwa kamba nyingi sana, hata watu waliokuwa wakinitazama wakanisifu kwa uangalifu, lakini kabla sijafika Mtambile ilikuwa imekwisha kulalia ubavu wa tela na kioo chake cha mbele kimepasuka. Ilikuwa mali ya shemeji yangu, aliyeinunua kwa fedha za karafuu za misimu miwili, nami sikujua la kumwambia, kwa sababu hakuna hata kamba moja iliyokatika. Kioo nilikilipa. Aliyenionyesha kosa langu ni mzee mmoja wa Mkoani, nahodha wa jahazi wa zamani, ambaye safari iliyofuata aliisukuma bajaji kwa bega, akazitazama kamba zikilegea na kukaza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, umefunga chombo au umefunga springi?"

Nilikuwa nimefunga springi. Kamba zilitoka kwenye usukani na kwenye vyuma vya paa, sehemu ambazo zote zimekaa juu ya shokapu. Tela linapoingia shimoni, bodi ya bajaji huzama, kamba hulegea kwa nukta moja, na katika nukta hiyo gurudumu la mbele, ambalo ni moja tu na liko huru kugeuka, hupinda upande. Shimo la pili huikuta bajaji imekwisha kusogea. Kwa barabara za Pemba zenye vilima na kona, hayo hujirudia mara nyingi kabla dereva hajatazama nyuma.

Kabla ya kamba, hata hivyo, kuna suala la uzito. Bajaji ya abiria ikiwa tupu ina kati ya kilo 300 na 400, na injini yake iko nyuma, chini ya kiti cha abiria. Ukiipandisha kwa pua, uzito mkubwa unaangukia nyuma ya ekseli ya tela, yaani mhimili wa magurudumu yake, mkono wa tela, ule unaounganishwa na gari, unakuwa mwepesi, na kwenye mteremko tela linaanza kuyumba na kuivuta gari huku na huku. Mimi huipandisha kinyumenyume, injini ikae mbele kidogo ya ekseli. Kipimo changu ni kwamba mkono wa tela uilemee ndoano ya gari kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Tela na bajaji zikiwa kilo 550 kwa pamoja, basi iwe kilo 55 hivi, yaani zaidi kidogo ya gunia la mchele la kilo 50, na uzito huo unaweza kuupima kwa mikono yako kabla ya kuunganisha.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni kitanda cha gurudumu la mbele. Tairi nyingi za bajaji zina upana wa inchi 4 kwenye rimu ya inchi 8, kwa hiyo nilichukua mbao mbili nene, nikaziweka sambamba kwa nafasi inayolibana tairi bila kulikwaruza, na kila mwisho nikaweka kabari yenye kimo cha sentimita 15, kwa kuwa gurudumu lenyewe lina kimo cha sentimita 40 hivi na kabari fupi hupandwa kwa urahisi. Ukitumia mbao ya mnazi, chagua ya upande wa nje wa gogo, kwani ya ndani ni laini na haishiki. Yote nimeyafunga kwenye sakafu ya tela kwa boliti na nati. Misumari nilijaribu, ikang'oka kwa mtikisiko. Magurudumu ya nyuma nayo yanaegemea boriti moja iliyolala kwa upana wa tela, ambayo ndiyo inayopokea msukumo wa breki. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinataka mzigo uzuiliwe kwenda mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa bajaji ya kilo 350 hiyo ni kilo 280, na sioni kwa nini Pemba turidhike na chini ya hapo.

Sasa kamba. Za nyuma nazifunga kwenye mikono inayoshika magurudumu, chini ya shokapu, ili bodi icheze itakavyo bila kuilegeza kamba. Ya kulia inakwenda kushoto na ya kushoto kulia, zikipishana, kwenye pete zilizochomelewa kwenye fremu ya tela, si kwenye bati la sakafu. Gurudumu la mbele nalizungushia kamba juu ya tairi na kulikandamiza kitandani mwake. Ndipo naongeza kamba mbili kwenye chasisi kwa tahadhari, nikizikaza mpaka springi zizame kiasi cha vidole viwili. Ukizizamisha zote unaharibu sili za shokapu. Usukani siufungi.

Kamba za makumbi nazipenda, lakini kwa kazi hii ni dhaifu, na nailoni hunyumbuka, hasa ikilowa. Anayeweza kupata mikanda yenye kikazio cha chuma aitumie. Asiyeweza akaze kamba mbili kwa kijiti kigumu kilichosokotwa katikati yake, akisimama pembeni, na kijiti kifungwe mara moja, kwani kikiponyoka kinaweza kuvunja mkono. Panapogusa ukingo wa chuma, weka kipande cha tairi kuukuu.

Bajaji iachwe kwenye gia ya kwanza, breki ya mkono ivutwe, koki ya mafuta ifungwe. Kwa kuwa imekaa kinyumenyume, turubai la nyuma livuliwe, maana upepo huliingia na kulirarua. Mimi husimama baada ya kilomita mbili au tatu, kisha Mtambile, kisha Chake Chake, na kila kituo naisukuma bajaji kwa bega, kama alivyofanya yule mzee, kabla ya kuigusa kamba yoyote.